Maswali ya Wasomaji: Bakteria Wanapozunguka Wodini

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wa wodini na maabara, na karibu zote zinagusa jambo moja: wagonjwa waliolazwa kwa sababu nyingine wanaanza kuugua bakteria wa aina moja, na hakuna ajuaye wanakotoka. Wanaojibu ni wataalamu wetu wa udhibiti wa maambukizi na wa maabara.

Swali: Ni mlipuko au ni bahati mbaya?

*Nasimamia wodi ya watoto njiti. Ndani ya siku nane maabara imeotesha Klebsiella kwenye damu ya watoto watatu. Daktari mmoja anasema huu ni mlipuko, mwingine anasema imetokea tu. Nianze na nini, na nani yuko sahihi?* — Sista wa wodi

Sista, mabishano hayo yaache yaendelee. Una kazi mbili za leo hii ambazo hazisubiri jibu: kuwalinda watoto waliobaki, na kuhifadhi ushahidi. Wodi nyingi hufanya ya kwanza kwa namna inayoua ya pili. Wanasugua kila kitu kwa klorini na kumwaga chupa zote, halafu mchunguzi akifika siku ya tatu hakuna kilichobaki cha kuchunguza.

Wahamishie watoto hao upande mmoja, na kila zamu wawe na muuguzi wao ambaye hagusi wengine. Kila kitanda kiwe na stetoskopu yake, kipimajoto chake, na kitakasa mikono chenye alkoholi ya asilimia 60 hadi 80 pale pale mkono unapofika. Kisha kusanya kila kilichofunguliwa na kinachotumika kwa zaidi ya mtoto mmoja: chupa za maji ya chumvi na glukosi, vichupa vya dawa vinavyochomwa mara nyingi, losheni, jeli ya ultrasaundi, sabuni ya maji, dawa za kusafishia ngozi. Usimwage hata kimoja. Kila kitu kiingie kwenye mfuko wake safi, kiandikwe tarehe, saa, mahali kilipokuwa na namba ya toleo iliyoko kwenye lebo. Dawa na maji ya mishipa viweke kwenye friji ya nyuzijoto 2 hadi 8, na wodi ifungue vipya, ikiwezekana vya toleo jingine.

Simu ya maabara ipigwe kabla ya chai ya mchana. Sahani zilizootesha bakteria hutupwa baada ya siku chache, na zikitupwa huwezi tena kuthibitisha kama watoto hao watatu wana bakteria mmoja au watatu tofauti. Waombe wagandishe kila bakteria kwenye mchuzi wa maabara wa kuoteshea bakteria wenye gliseroli ya asilimia 15 hadi 20, kwenye friza ya nyuzijoto 70 chini ya sifuri. Kama friza hiyo hakuna, chupa ndogo ya agari (jeli ya kuoteshea bakteria) iliyoinamishwa na kufungwa barabara itamtunza Klebsiella kwa wiki kadhaa.

Sasa kuhusu nani yuko sahihi. Fungua rejista ya maabara ya miezi 12 iliyopita na uhesabu ni mara ngapi bakteria huyu alionekana kwenye damu za wodi yako, kisha gawanya kwa siku za kulazwa. Tuseme wodi ina watoto 20 kila siku: kwa mwaka hizo ni siku 7,300. Kama walipatikana wanne mwaka mzima, kiwango ni takriban 0.5 kwa kila siku 1,000. Watatu ndani ya mwezi wenye siku 600 za kulazwa ni 5 kwa kila siku 1,000, yaani karibu mara tisa ya kawaida. Kabla ya kutangaza, hakikisha ongezeko si la karatasi tu. Je, kuna daktari mpya anayeagiza damu ioteshwe kwa kila mtoto? Maabara imebadili mashine au njia ya kutambua bakteria?

Linganisha pia orodha za dawa zinazowaua bakteria hao, lakini usizipe uzito kupita kiasi. Orodha zikifanana, huenda ni kwa sababu Klebsiella wengi wa hospitali yako ni sugu kwa namna ile ile. Zikitofautiana kwa dawa moja, bado anaweza kuwa bakteria yule yule aliyepoteza au kupokea kipande cha vinasaba vya usugu. Tazama pia umri wa mtoto alipoanza kuugua. Baada ya saa 72 tangu kuzaliwa, mshukiwa wa kwanza ni wodi. Kabla ya hapo kwa kawaida humtazama mama, isipokuwa kama watoto kadhaa wa mama tofauti wana bakteria huyo huyo. Hapo rudi nyuma hadi chumba cha kujifungulia na vifaa vya kufyonzea makamasi.

Swali: Damu zinaotesha, wagonjwa hawaumwi

*Katika wiki mbili tumeotesha Burkholderia cepacia kwenye damu za wagonjwa saba wa wodi tofauti. Watano kati yao hawana homa kabisa. Madaktari wanasema maabara inachafua sampuli.* — Mteknolojia wa maabara

Wanaweza kuwa sahihi, na bado hatari ikawa ya kweli. Huu ndio unaoitwa mlipuko wa uongo: bakteria yupo kwenye chupa ya damu lakini hayupo kwenye damu ya mgonjwa. Ila ameingia kutoka mahali fulani, na mahali hapo penyewe huenda panagusa ngozi na mishipa ya wagonjwa kila siku. Wale wawili wenye homa wasisahauliwe.

Bakteria huyu anaishi penye unyevu na ana uvumilivu usio wa kawaida. Ameshapatikana hai ndani ya dawa zenyewe za kuua vijidudu: ndani ya klorheksidini iliyozimuliwa, ndani ya benzalkoniamu, hata ndani ya povidoni ya iodini. Kwa hiyo anza na dawa ya kusafishia ngozi, hasa ile inayozimuliwa hospitalini na kumiminwa kwenye kopo lenye pamba. Kopo hilo huongezwa dawa bila kuoshwa, pamba hupunguza nguvu ya dawa, na vidole vinaingia humo siku nzima. Kisha uliza mtoa damu anajaza nini kwanza. Akianza na mirija ya kawaida ya vipimo vingine, ambayo ndani yake si lazima iwe safi kabisa, halafu ndipo ajaze chupa ya kuotesha, uchafu unahama kwa sindano. Chupa ya kuotesha hujazwa kwanza, siku zote.

Unapootesha dawa ya kuua vijidudu, lazima uizime nguvu. Ukiimimina moja kwa moja kwenye sahani, dawa itaendelea kuzuia bakteria pale pale na utaandika "hakuna kilichoota" wakati wamo. Weka mililita moja ya dawa kwenye mililita tisa za mchuzi wenye Tween 80 ya asilimia 3 na lesithini ya asilimia 0.3, kisha endelea kama kawaida.

Pima chupa iliyofunguliwa pamoja na chupa ya toleo lile lile ambayo haijafunguliwa. Ikiota ya wazi tu, kosa liko ndani ya hospitali. Ikiota iliyofungwa, kosa liko kiwandani, na mamlaka ya dawa ijulishwe siku hiyo hiyo, maana hospitali nyingine zinaitumia dakika hiyo. Kati ya mwaka 1970 na 1971 nchini Marekani, maji ya mishipa yaliyochafuka kwenye utando wa ndani wa vifuniko yaliwaambukiza damu wagonjwa 378 katika hospitali 25. Kila hospitali peke yake iliona wagonjwa wachache tu. Picha kamili ilionekana namba zilipowekwa pamoja.

Swali: Orodha, grafu na watu wa kulinganisha

*Nimeteuliwa kuongoza uchunguzi wa mlipuko kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Nina mafaili kumi mezani na sijui nitoe nini ndani yake.* — Ofisa afya

Anza kwa kuandika sentensi moja inayosema nani anahesabiwa. Kwa mfano: "Mgonjwa yeyote aliyelala chumba cha mahututi kuanzia 1 Machi, aliyeoteshwa Acinetobacter baumannii kutoka kwenye damu, makohozi, mkojo au kidonda, zaidi ya saa 48 baada ya kulazwa." Mtu, mahali, wakati na maabara, vyote vimo. Usiweke ndani yake chanzo unachokishuku. Ukiandika "aliyewekewa mashine ya kupumulia", mwisho wa kazi utagundua kwamba wagonjwa wote waliwekewa mashine ya kupumulia, na utakuwa umejidanganya mwenyewe. Kwanza wavu uwe mpana. Kuukaza ni baadaye.

Kila mgonjwa apate mstari mmoja kwenye jedwali: umri, ugonjwa uliomlaza, tarehe ya kulazwa, kila kitanda alicholalia na tarehe zake, tarehe ya dalili ya kwanza, tarehe na aina ya sampuli, usugu, upasuaji, mpira wa mkojo, kanula (mpira wa mshipani) na siku ilipowekwa, dawa za mshipani, vipimo vya kamera, waliomhudumia, na amefikia wapi. Andika mambo yaliyotokea kabla ya kuugua tu. Dawa aliyoanzishiwa baada ya kuugua haiwezi kuwa chanzo, lakini huonekana mshukiwa mkubwa kwa sababu wote wameipata. Kosa hili limeharibu chunguzi nyingi nzuri.

Chora grafu kwa tarehe ya dalili, si tarehe ya jibu la maabara, ambalo huchelewa siku mbili tatu. Wagonjwa wengi kwa mkupuo mmoja wanaashiria chanzo kimoja, kama chupa au kifaa. Mmoja leo, mwingine wiki ijayo, kitanda jirani na kitanda jirani, ni dalili ya mikono. Ila hospitalini kuna umbo la tatu: vilima vidogo vinavyorudi. Mara nyingi hicho ni kitu kinachofunguliwa upya kila baada ya muda, au zamu fulani.

Halafu tafuta watu wa kulinganisha: wagonjwa wawili hadi wanne ambao hawakuugua, kwa kila aliyeugua. Zaidi ya wanne unachosha watu bila faida. Wawe walilala chumba hicho hicho wakati huo huo, na wawe wamekaa angalau siku nyingi kama alizokaa mgonjwa kabla hajaugua. Sharti la mwisho ndilo linalosahaulika. Aliyekaa siku 20 ameguswa na kila kifaa. Ukimlinganisha na aliyekaa siku mbili, kila kitu kitaonekana kina hatia.

Chukua mfano. Kati ya wagonjwa 10, tisa walipewa dawa iliyochanganywa kwa chupa ya pamoja, mmoja hakupewa. Kati ya 30 wa kulinganisha, wanane walipewa, 22 hawakupewa. Zidisha 9 kwa 22, gawanya kwa zao la 1 na 8: unapata karibu 25, yaani uwiano wa waliopewa kwa wasiopewa ni karibu mara 25 kwa waliougua kuliko kwa wa kulinganisha. Uhusiano huo ni mzito, na kwa namba ndogo kama hizi utumie kipimo cha Fisher kuona kama bahati tu ingeweza kuuleta. Ukiwa na wagonjwa watatu au wanne, achana na hesabu hizo. Hazitakuambia chochote.

Wakati huo ni bora usimame uangalie, tena hata ukiwa na wagonjwa wengi usiruke hatua hii. Faili haliandiki maji ya kusukumia dawa kwenye kanula. Simama karibu na meza ya kuchanganyia dawa saa ya dozi ya asubuhi, usiseme neno, fuata dawa moja kutoka kabatini hadi kwenye mshipa. Utaona chupa ya maji ya chumvi ya mililita 500 imening'inizwa, sindano imeachwa imechomekwa kwenye mpira wake ili kila mtu avute kwa haraka. Utaona sirinji iliyokwisha gusa kanula ya mgonjwa ikirudi kuvuta tena. Tazama kama meza iko chini ya mita moja kutoka kwenye sinki, maana maji yakigonga tundu la kutolea maji machafu hurusha matone mpaka hapo. Tazama kipande cha plasta kilichobandikwa kwenye chupa: kimeandikwa tarehe ya kufunguliwa au hakina kitu? Waambie wauguzi mapema kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa utakachokiona, na utimize ahadi hiyo. Ukiivunja mara moja, hutaonyeshwa kitu tena.

Swali: Tumechukua sampuli 120

*Niliagiza kila kona ya wodi ichukuliwe sampuli. Kati ya 120, 31 zimeota bakteria. Tufunge wodi?* — Katibu wa hospitali

La, bado. Sakafu, vitasa na masinki yana bakteria kila siku, mlipuko uwepo usiwepo. Swali ni moja tu: je, kati ya hizo 31 kuna bakteria yule yule aliyewaambukiza wagonjwa? Hao wengine hawakusaidii, na maabara imetumia sahani zake kuwatafuta.

Sampuli za mazingira huchukuliwa baada ya jedwali na uangalizi kukuonyesha pa kuangalia. Bakteria mwenyewe pia anakuelekeza. Pseudomonas na Klebsiella: tafuta maji, matundu ya masinki, chupa za unyevu za oksijeni, mashine za kufyonzea makohozi. Acinetobacter huvumilia ukavu kwa wiki nyingi, kwa hiyo vitanda, vitufe vya mashine, mito na magodoro yaliyochanika. Serratia: sabuni za maji zinazojazwa juu kwa juu. Bakteria aliyeanza kwa wagonjwa waliopimwa njia ya nyongo kwa kamera: ncha ya kamera hiyo, penye kile kijipande kinachoinuka, maana brashi haifiki vizuri nyuma yake.

Kijiti cha pamba kiloweshwe kwanza kwa maji tasa ya chumvi au mchuzi wa kuzimua dawa. Kijiti kikavu hupoteza wengi. Eneo la sentimita 10 kwa 10 lipakazwe lote, kwa mistari ya kwenda na ya kukatiza. Chukua kabla ya usafi wa asubuhi.

Kwa bomba chukua mililita 100 mara mbili, kwenye chupa yenye thiosalfeti ya sodiamu ya kuzima klorini. Ya kwanza ni maji ya mwanzo kabisa, kabla hayajaachiwa. Ya pili ni baada ya kuyaacha yatiririke dakika mbili. Ikiota ya kwanza tu, tatizo liko kwenye koki. Zikiota zote mbili, liko kwenye mabomba au tangi. Anayemtafuta Legionella, bakteria wa majini anayeleta nimonia, achukue lita nzima.

Sampuli zikishachukuliwa, safisheni. Sabuni na maji kwanza, kwa sababu uchafu hula klorini, kisha klorini ya asilimia 0.1 ikae imelowa dakika 10. Kutoka kwenye klorini ya dukani ya asilimia 5, ni sehemu moja ya dawa na sehemu 49 za maji. Penye damu tumia asilimia 0.5: moja kwa tisa. Mchanganyiko wa jana umwagwe. Kufunga wodi kunafaa pale wagonjwa wapya wanapoendelea kupatikana ingawa haya yote yamefanyika, na hata hapo kwanza simamisheni kupokea wapya badala ya kuwatawanya waliopo kwenye wodi nyingine.

Swali: Wafanyakazi wapimwe?

*Uongozi unataka kila nesi na daktari apimwe. Tunahisi tunatuhumiwa.* — Wauguzi wa zamu ya usiku

Kwa Klebsiella, Acinetobacter na jamaa zao, kupima wafanyakazi hakuna maana kubwa: bakteria hao hupita mikononi na kuoshwa, na jibu la leo halikuambii la wiki iliyopita. Kwa Streptococcus wa kundi A ni tofauti kabisa. Wagonjwa wawili tu baada ya kujifungua au upasuaji wanatosha kuwatafuta waliowahudumia, na kupima koo, pua, ngozi yenye jeraha, njia ya haja kubwa na ukeni. Staphylococcus aureus yuko katikati: pima pale jedwali linapomwelekea mtu au timu fulani. Majibu yaende kwa mhusika peke yake, atibiwe, arudi kazini.

Swali: Mama ametengwa

*Shikamoo daktari. Mama alifanyiwa upasuaji, sasa yuko chumba cha peke yake na manesi wanaingia na gauni na glavu. Hana homa. Wanasema ana bakteria sugu kwenye haja kubwa. Nyumbani tuna watoto wadogo.* — Binti yake

Marahaba mwanangu. Mama amebeba bakteria hao tumboni bila kuugua, na wengi huishi hivyo bila madhara. Ametengwa ili wasimfikie mgonjwa mwenye kidonda au mpira kwenye mshipa. Mshike mkono, zungumza naye. Unapotoka safisha mikono, usitumie choo chake, na usipitie kitanda cha mgonjwa mwingine. Nyumbani sabuni na maji baada ya choo na kabla ya kupika vinatosha. Watoto wenye afya hawana hofu kubwa. Akilazwa tena popote, hata mwakani, mwambieni daktari siku ya kwanza.

Swali: Umekwisha lini?

*Wiki tatu hatujapata mgonjwa mpya. Tuondoe vizuizi?* — Mganga wa zamu

Inategemea mmepimaje. Mwaka 2011 katika kituo cha tiba cha taasisi za taifa za afya za Marekani, huko Bethesda, mgonjwa mwenye Klebsiella sugu aliruhusiwa kwenda nyumbani katikati ya Julai. Zikapita wiki tatu za ukimya, kisha akatokea wa pili. Jumla wakawa 18, wakafa 11, sita kati yao kwa maambukizi hayo. Kusoma vinasaba vyote vya bakteria hao kulionyesha kwamba wote walitokana na yule wa kwanza, na kwamba bakteria alikuwa amepita kwa watu waliombeba bila dalili.

Kwa hiyo ukimya wa damu na makohozi hautoshi. Kila wiki wapimeni wote waliolala wodi hiyo kwa kijiti cha njia ya haja kubwa, pamoja na kidonda na makohozi kama yapo, na kila anayehamishwa apimwe siku ya kutoka. Hesabu ya ukimya ianze siku mbebaji wa mwisho alipoondoka wodini, si siku mgonjwa wa mwisho alipougua. Kwa bakteria wenye kipindi cha kuatamia (siku kati ya kuambukizwa na kuugua) kinachojulikana, kama Legionella mwenye siku 2 hadi 10 kwa wengi, na hadi 14 kwa baadhi, subirini vipindi viwili virefu. Kwa Klebsiella hakuna kipindi cha aina hiyo, hivyo tegemeeni vipimo vya kila wiki visivyo na mpya hata mmoja kwa wiki kadhaa mfululizo. Vizuizi viondolewe kimoja kimoja: kwanza zuio la kupokea wagonjwa wapya, mwisho utaratibu wa muuguzi wa peke yake. Na bakteria walioko kwenye friza wasiguswe.